Miwani ya Ubao

Baba mkwe wangu hapandi ngazi. Msidhani ni magoti. Magoti yake ni mazima kuliko yangu, na ukimtuma sabuni duka la jirani atakwenda na kurudi kabla maji hayajapata moto. Ni ngazi tu ndizo hataki. Nyumba yetu ina duka na karakana chini, vyumba vya kulala juu, na katikati zimesimama ngazi za mbao alizozipigilia misumari mwenyewe ujanani. Siku moja alirudi kutoka kwenye mashindano ya sataranji, akamwambia mume wangu amteremshie godoro, akalitandika nyuma ya mashine ya kusagia vioo. Tangu siku hiyo hakukanyaga hata kidato cha kwanza.

Kwa hiyo miguu yake ya juu nikawa mimi. Chakula nilimteremshia, shuka niliteremsha, na akikumbuka kitu chake kilichoko juu ya kabati, nilipanda mimi. Mume wangu ni dereva wa lori, leo yuko mpakani, kesho yuko njiani, huwezi kumtegemea hata kwa ndoo ya maji. Nilinung'unika, sikatai. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huo ulikuwa mgongoni kwangu na haukuwa na usufi hata kidogo.

Baba ni fundi miwani. Ukimwita daktari ananuna. "Daktari anatibu jicho," husema, "mimi nalisogezea dunia tu." Mteja akiingia hamuulizi anaona nini, anamuuliza anataka kuona nini. Mshonaji anataka kuona tundu la sindano, dereva anataka kuona barabara, muuza vitambaa anataka kuona uso wa mtu anayesema kwingine bei ni nafuu. Kila umbali una kioo chake. Mimi kazi yangu ni kupokea wateja, kuosha vioo, kukaza skrubu, na kuwaambia watu ukweli kuhusu fremu zisizowapendeza. Baba anasema hilo la mwisho hakuniajiri kulifanya.

Kwenye sataranji walimwita Kobe. Alikuwa anaweza kuitazama kete moja mpaka chai ya mpinzani wake ikapoa. Na mpinzani wake mkubwa, tena rafiki yake wa kufa na kuzikana, alikuwa mzee mmoja aliyestaafu idara ya maji. Kazi yake yote ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kusoma mita, na jina la Msoma Mita lilimganda mpaka mkewe naye akaitwa Mama Mita. Alikuwa mwembamba kama fimbo, mwepesi wa miguu na wa maneno. Mimi aliniita bibi harusi hata baada ya kuzaa mara mbili. "Bibi harusi," angesema akiingia dukani, "mbwa wote wa mji huu wameshaniuma, amebaki Kobe tu. Na yeye akiniuma sitajua, maana atachukua wiki nzima kufungua mdomo."

Walicheza kila mwisho wa juma katika ukumbi wa juu wa maktaba, na mara moja kwa mwaka kulikuwa na mashindano ya kombe. Baba alikuwa amelichukua mara kadhaa. Msoma Mita hakuwahi kulishika, na alilitaka kuliko alivyokubali kusema.

Macho yake yalipoanza kumsaliti, alikuwa anainamia ubao mpaka pua inataka kuangusha kete. Miwani ya kusomea gazeti ilikuwa ya karibu mno, ya barabarani ilikuwa ya mbali mno. Baba akamkalisha mbele ya ubao, akachukua futi yangu ya kushonea, akapima kutoka puani mwake hadi mstari wa mwisho wa kete, upande wa adui. Akasaga vioo vya umbali huo tu. Sijapata kumwona akijivunia kazi kama ile. Fundi miwani mwingine asingefikiria kutengeneza kitu hicho, na mcheza sataranji mwingine asingejua kukisaga.

"Hii ni miwani ya ubao," alimwambia. "Ukisimama, vua. Ukivuka meza, dunia yote ni moshi."

"Dunia nimeshaiona, Kobe," Msoma Mita akajibu. "Mita zake zote nimezisoma."

Miwani hiyo aliitunza kwenye mkebe wa bati uliokuwa na kifuniko kigumu. Ukifungwa unasema ta! Na hapa kuna jambo ambalo lazima mlijue, maana kila kitu kinasimama juu yake. Wazee hawa wawili walikuwa na desturi yao. Mchezo ukiisha, awe nani ameshinda, hawakunyanyuka. Walipanga kete upya, wakaucheza mchezo uleule tangu mwanzo, taratibu, wakitafuta ni wapi mmoja alijikwaa. Walibishana, walicheka, mlinzi wa maktaba alitikisa funguo mlangoni wasimjali. Ni baada ya hapo tu Msoma Mita alivua miwani ya ubao, akaitia mkebeni, ta!, akavaa ile ya barabarani, akaenda zake. Kwake mchezo haukwisha kwa kupeana mikono. Uliisha kwa mkebe.

Mwaka ule mchezo wa mwisho wa mashindano uliwakutanisha wao wawili. Baba alikuwa mbele kidogo kwa pointi, sare ingemtosha. Msoma Mita alihitaji kushinda. Wakatoka sare. Wakapeana mikono, Msoma Mita akaondoka kabla ya Baba, akafika katikati ya ngazi za maktaba, akaanguka mpaka chini. Hakuzungumza tena. Alipookotwa bado alikuwa na miwani ya ubao usoni, kioo kimoja kimepasuka, na mkebe mfukoni uko wazi.

Hayo ndiyo kila mtu aliyajua. Watu walimuuliza Baba pale pale chini ya ngazi, "Alikuwa anawahi wapi jamani?" Baba akasema alikuwa anawahi nyumbani. Mlinzi akayachukua maneno hayo, jirani akayapokea, yakafika kwa Mama Mita kabla ya maiti.

Na Mama Mita asubuhi ile alikuwa amemwambia mumewe, "Leo usichelewe, wahi kurudi." Binti yao alikuwa anakuja na mjukuu wao wa kwanza, babu alikuwa hajamwona. Makaburini mama yule alisema neno moja tu, akalirudia mpaka sauti ikamkauka: "Mimi ndiye niliyemwambia awahi." Baba alikuwa amemshika mkono. Hakusema kitu.

Tangu hapo Mama Mita hakumwambia tena mtu afanye haraka. Yeye ni mshonaji wa sare za shule, na shule zilifungua watoto wakiwa hawana sare, wazazi wakamjia juu, yeye akawajibu taratibu, taratibu. Ukimuaga anakuambia nenda taratibu. Ukivuka barabara na gari linakuja, anakuambia taratibu. Watu wakaanza kumcheka chinichini. Mimi nilicheka pia, mpaka siku niliyomwona amesimama kituoni, basi linaondoka, kondakta anamwita, naye anatembea vilevile, hatua kwa hatua, kama mtu aliyebeba yai mdomoni. Sikucheka tena.

Hapa nyumbani nako hakukuwa salama. Ngazi zetu hulia ukizikanyaga, na kidato cha katikati hulia kuliko vyote. Basi kikaanza kulia chenyewe. Mchana mweupe, niko dukani peke yangu na Baba, watoto wako shule, huko juu hakuna mtu: kinalia mara moja, halafu kimya. Si kama mtu anayepanda, maana anayepanda angekiliza na cha juu yake. Ni kama mtu anafika pale pale na kugeuka. Mara ya kwanza nilimtazama Baba. Alikuwa ameacha kazi, mkono umesimama hewani na kioo ndani yake.

"Amefika pale," alisema.

"Nani?"

"Sasa anageuka."

"Baba, hiyo mbao inakauka kwa jua."

"Sawa, mwanangu. Inakauka."

Mimi si mtu wa kuogopa mambo hayo. Lakini tangu siku ile nikipanda ngazi zile naimba kwa sauti, na sauti yangu majirani wanaijua, hawajawahi kuisifu.

Na wateja nao walianza kutukimbia. Kila aliyekuja kuchukua miwani ya kusomea, Baba alimshika bega. "Utatembea nayo? Ukisimama utavua? Sema utavua." Mwalimu mmoja alirudishiwa pesa zake kwa sababu alijibu kwa mzaha. Akipata nafasi Baba alipanga ubao wake karakanani, akaucheza mchezo ule wa mwisho peke yake, weupe yeye, weusi yeye, mpaka mahali fulani. Hapo alisimama. Kidole chake kilibaki juu ya askari mmoja mweusi, ile kete ndogo kuliko zote, pembeni kabisa mwa ubao. Kisha anakusanya kete zote na kuzitia mfukoni. Kesho yake, vilevile.

Mimi subira yangu ni fupi. Mchana mmoja nilimwekea sahani mbele na sikuondoka. "Baba, mbona kila siku ukifika hapo unaacha?"

Akaendelea kufuta kioo ambacho kilikuwa safi. Kisha akaniambia, bila kuniangalia, na sauti yake haikuwa ya mtu anayesimulia, ilikuwa ya mtu anayetapika.

Siku ile Baba alikuwa amekosea. Aliisogeza ngome yake, akaona hapo hapo kwamba amejifungia mlango mwenyewe: Msoma Mita akimsukuma yule askari wa pembeni hatua moja tu, mfalme wa Baba hana pa kwenda. Lakini Msoma Mita alikuwa anatazama upande mwingine, kwenye malkia, na saa yake ya mchezo ilikuwa inamkimbia. Baba akauliza, kama mtu anayeuliza saa ngapi: "Sare?"

Hilo sheria inaruhusu. Yeyote anaweza kuomba sare, hata anayezama. Msoma Mita aliona mchezo umekauka, akaguna, akanyoosha mkono. "Sare, Kobe. Kombe lako tena, mla watu wewe." Akaanza kurudisha kete mahali pake ili wauchambue, kama siku zote.

"Nikajua tukiupitia tena ataona," Baba alisema. "Sikutaka aone. Sikutaka anitazame usoni akiwa ameona. Nikazikumba kete zote, nikatia mfukoni. Nikamwambia, leo shemeji anakusubiri, mjukuu amefika, nenda bwana, wahi. Akasimama. Bado amevaa miwani ya ubao. Niliiona, mwanangu. Ilikuwa usoni kwake na niliiona. Nikasema moyoni, akishaondoka hapa mbele yangu ataivua."

Lakini mtu ambaye mchezo haujaisha kichwani mwake havui miwani. Baba alimfuata mpaka mlangoni na mfuko wa kete mkononi. Msoma Mita alishuka mpaka katikati ya ngazi, akasimama, akajipiga paja. "Kumbe!" alisema. Akageuka, anacheka, kidole juu, akainua mguu kurudi juu.

"Alinitazama mimi. Alinicheka mimi. Ila kwa miwani ile, kwa umbali ule, hakuniona. Nilikuwa moshi. Na kidato nacho kilikuwa moshi."

Chakula kilikuwa kimepoa. Nilisikia uchungu, kisha nikasikia hasira, na hasira ndiyo iliyowahi kufika mdomoni. "Kwa hiyo hakuwa anawahi nyumbani."

"Hapana."

"Na Mama Mita?"

Akachukua kioo kingine, nacho safi, akaanza kukifuta.

"Baba, yule mama anajiua taratibu kwa neno lako moja! Kwa nini humwambii?"

"Nikimwambia, nitampoteza na yeye."

"Si umeshampoteza? Akija hapa huwezi hata kumtazama."

Na ilikuwa kweli. Mama Mita akipita kutusalimu, Baba alikimbilia karakanani na kuwasha mashine, ikasaga hewa, hakuna kioo ndani, ilimradi kelele tu. Nilimsukuma mara nyingi baada ya hapo. Kila mara alisema kesho. Kesho ya Kobe mnaijua.

Basi asubuhi moja Mama Mita akapiga hodi. Alikuwa amevaa nguo za safari. Baba alimsikia, na mashine ikanguruma. Mimi nikamkaribisha mama, nikampa kiti, nikaingia karakanani, nikachomoa waya ukutani.

"Umeme umekatika?" Baba akauliza.

"Umekatika. Toka ukamsalimie shemeji yako."

Alitoka kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Mama Mita alitoa kitambaa kwenye mkoba, akakifungua juu ya meza ya kioo. Ndani yake ilikuwa miwani ya barabarani ya mumewe, ile ambayo siku ile hakuivaa.

"Shemeji, nimekuja kuaga," alisema. "Binti yangu anakuja kunichukua leo mchana, nikaishi naye huko kwao. Mji huu umenichosha. Niwekee vioo vya namba ya macho yangu kwenye fremu hii. Nataka nione barabara kwa miwani yake."

Baba akaleta sanduku lake la vioo vya kupimia. Akachomoa cha kwanza kwa pupa, kikagonga kingine. Mama Mita akamwekea mkono juu ya mkono.

"Taratibu, shemeji. Usiharakishe. Mimi namjua mtu aliyeharakishwa." Akatabasamu, tabasamu baya sana. "Ningemwambia tu nenda salama. Neno wahi lilinitokea wapi? Mtoto asingeota mbawa akaruka, angemkuta tu."

Nilimtazama Baba. Nilikuwa tayari kusema mimi. Naapa nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Shemeji," Baba akasema, "hakuwa anawahi kwako."

Aliuleta ubao. Nadhani hakujua njia nyingine ya kusema. Alipanga kete mezani, katikati ya fremu na vitambaa, akamwonyesha: hapa alikuwa yeye, hapa nilikuwa mimi, hapa nilikosea. Akamwambia yote, sare, kete alizozikumba, miwani aliyoiona usoni akanyamaza. Na maneno yenyewe: shemeji anakusubiri, wahi. "Neno hilo siku ile mimi ndiye niliyemwambia mwisho. Nililiazima kwako, nikamfukuzia nalo." Akamweleza jinsi alivyogeuka katikati ya ngazi.

Mama Mita hajui sataranji. Aliinama juu ya ubao kwa muda mrefu.

"Kete gani?"

"Huyu."

"Huyu tu?"

"Huyo tu."

Akamsukuma askari mweusi hatua moja, kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesogeza punje ya mchele. "Halafu?"

"Halafu mimi sina pa kwenda," Baba alisema.

"Alikuwa anacheka, unasema?"

"Alikuwa anacheka."

"Alikuwa anarudi kukuonyesha."

"Ndiyo."

Mama Mita aliegemea kiti. Machozi yalimtoka bila kelele, akayaacha. Nilidhani ni majonzi, lakini uso wake ulikuwa unalegea, kila mahali palipokuwa pamekazwa panaachia, na nilimwona kwa mara ya kwanza tangu msibani jinsi alivyo mzuri. Kisha uso ule ule ukamgeukia Baba, na sikutamani kuwa Baba.

"Ulinishika mkono makaburini," alisema. "Nikasema vile mbele ya watu wote, na wewe umenishika mkono."

"Ndiyo, shemeji."

"Miaka yote hii nawaambia watu taratibu, wananicheka, na wewe uko hapa unasaga hewa. Ulidhani sisikii? Mimi nimekaa na cherehani maisha yangu yote, najua mashine isiyo na kazi ndani."

Mama Mita akamchukua yule askari mweusi, akamtia kwenye mkoba, akaufunga. "Miwani utanitumia. Na usinisubiri niseme nimekusamehe, kwa sababu sijakusamehe." Akasimama. Mlangoni alinikumbatia. Hakuniambia nibaki taratibu kama kawaida yake. Alitoka, akavuka barabara, na gari lilipopiga honi alikimbia hatua kadhaa, mtu mzima yule, na mkoba wake kifuani.

Baba alisaga vioo vile kwa siku nyingi kuliko kazi yoyote. Mume wangu akaipeleka miwani kwa lori lake. Alirudi akasema ameipokea binti, mama alikuwa amelala. Basi. Wiki zikapita. Baba aliuacha ubao mezani na pengo lake, na nilipomletea kizibo cha soda kiwe badala ya askari alinitazama mpaka nikakirudisha jikoni. Simu aliiweka kando ya ubao. Ikilia alikuwa anaruka, kisha ananipa mimi, maana ni mteja tu. Zamani alikuwa anasumbuliwa na marehemu peke yake, sasa na aliye hai. Na kidato kiliendelea kulia mchana, mara moja, na kunyamaza. Nilimwonea huruma. Nilikuwa nimemsukuma mimi, na nilianza kujiuliza usiku na mchana kama nilifanya vizuri.

Simu ya Mama Mita ilikuja alasiri moja ya mvua. Nilipokea mimi. Baba alikuwa amevaa miwani yake ya kazi, amekaza macho kwenye kioo alichokuwa anakikata ukingo.

"Baba mkwe wako yupo?"

"Yupo, Mama. Nimpe?"

"Usimpe. Mwambie naona vizuri. Mwambie sijamsamehe bado, asije akajidanganya. Huyu askari wake niko naye hapa dirishani, kila siku namtazama. Mjukuu ananiuliza bibi, huyu anachezwaje, na mimi sina la kumwambia. Mwambie aje na wale waliobaki. Anifundishe huo mchezo uliomla mume wangu, tuupitie wote, tangu mwanzo mpaka mwisho." Nilisikia mvua ya kwao au ya kwetu, sijui. "Na mwambie awahi, mwanangu. Sina siku zote."

Nilimwambia neno kwa neno. Nilipofika kwenye awahi ikabidi nirudie.

Kioo kilikuwa bado mkononi mwa Baba. Kisha akauliza, "Begi langu la safari liko wapi?"

"Juu ya kabati." Nikainuka, kama siku zote, nikaanza kukohoa ili nipate sauti ya kuimba.

"Acha," alisema.

Alivua miwani ya kazi, akaikunja, akaitia kwenye mkebe wake, akaufunga, ta! Alikaa sekunde anausikiliza mlio ule. Halafu akaenda kwenye ngazi, akashika ukingo, akapanda. Nilisimama chini na roho mkononi. Kidato cha katikati kikalia, kisha kimya, nikafumba macho. Kikalia cha juu yake.